Kulala nanga kwenye ghuba za chini ya Milima ya Livingstone kwa boti la tanga, kuanzia Matema: mwongozo kamili

Kiangazi kikianza simu zinaanza, na zote ni za aina moja. Mtu kakodi boti la tanga, katoka vizuri Matema, huku Kyela kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, kafika kwenye ghuba imezungukwa na milima pande tatu, maji yanaonekana mpaka chini, hamna kelele wala nini, katupa nanga, kapika, kala, kalala. Saa nane usiku anashtuka boti lipo katikati ya ziwa, au limeegemea mawe linagongagonga. Alafu kila mmoja anakuambia nanga aliyopewa ni mbovu.

Mara nyingi nanga ni nzima kabisa. Kinachowaangusha watu ni kwamba pwani ile inateremka ghafla na usiku upepo unageuka, na wao wametia nanga kama wako kwenye maji mafupi ya pwani ya kule Itungi, Kyela. Kwahiyo hapa naeleza hatua kwa hatua kuanzia maandalizi mpaka kurudi, na kila hatua nakuambia sababu yake maana ukijua sababu hata ghuba ikiwa tofauti utajua ufanye nini.

## Kwanini nanga inaachia pale

Elewa hili kwanza kabla hujanunua hata kamba. Ziwa Nyasa lina kina cha karibu mita 700 sehemu yake ya ndani kabisa, na upande huu wa Livingstone mlima haujaishia pale unapouona unagusa maji, unaendelea kushuka humo humo chini. Hatua chache kutoka ufukweni uko kwenye mita tano, ukisogea kidogo tu uko kwenye ishirini, ukisogea tena kamba yote imeisha.

Sasa mchana upepo unatoka ziwani kuja nchi kavu, boti linasukumwa kuelekea ufukweni, nanga inavutwa kupanda mteremko na inazidi kujichimbia. Unaona imeshika, unafurahi. Usiku hewa ya huko juu inapoa, inakuwa nzito, inateremka kwenye makorongo kuja ziwani, na boti linasukumwa kwenda nje. Hapo nanga inavutwa kushuka mteremko, na nanga ikivutwa kushuka inang'oka maana ardhi inaikimbia. Ikishang'oka haishiki tena, kila inapoenda ni kina kirefu zaidi na kamba inaning'inia tu.

Mwongozo wote huu ni kuzuia hicho kitu kimoja.

## Vitu vya kuwa navyo

Nazungumzia boti la futi 18 mpaka 25, lenye tanga na injini ndogo ya nyuma.

- Nanga ya majembe mawili, kilo 8 mpaka 10, na cheni ya mita 5. Cheni inalaza mkono wa nanga chini ili majembe yachimbe, bila cheni kamba inainyanyua.
- Nanga ya pili, ile ya makucha manne wanayochomelea mafundi kwa nondo. Hii ni ya dharura na ya sehemu za mawe. Kwenye mchanga haina kazi, inapita tu.
- Kamba ya nanga mita 50, unene milimita 12.
- Kamba mbili za nchi kavu, kila moja mita 30 au zaidi. Hizi ndio watu wote hawana, na ndio zinazookoa usingizi wako.
- Bildi, yani kamba ya mita 25 yenye chuma cha kilo moja mwishoni, imefungwa fundo kila mita moja. Tengeneza mwenyewe nyumbani, ni kazi ya nusu saa. Na kopo dogo la grisi.
- Vipande vya mpira wa bomba au magunia ya zamani, ya kuvisha kamba pale inapogusa mawe.
- Laifu jaketi za watu wote, na filimbi kwenye kila moja.
- Taa ya kuning'iniza juu usiku, tochi za kichwani, betri za akiba.
- Makasia mawili, hata kama injini ni mpya.
- Ndoo na kopo la kutolea maji yanayoingia botini, kisu kikali, kamba nyembamba mita 15 na dumu tupu la lita 5.
- Petroli mara mbili ya unayodhani utatumia.
- Maji ya kunywa au dawa ya kutibu maji, chandarua, nguo za baridi. Watu wanasema Kyela ni joto, ni kweli, ila ule upepo wa usiku unatoka huko juu Makete na baridi yake unaijua.

Chakula beba chako, mchele wa Kyela upo hapo hapo Ipinda au Kyela mjini, ndizi unazipata njiani kuanzia Tukuyu. Samaki usitegemee kuvua mwenyewe, nunua kwa wavuvi.

## Hatua ya 1: Chagua mwezi, alafu siku

Miezi mizuri ni Septemba mpaka katikati ya Novemba. Mvua zimeisha siku nyingi, upepo wa kusi umepungua nguvu, maji yako safi unaona chini, na ziwa limeshuka kwahiyo mchanga mwingi uko wazi.

Mei mpaka Agosti ndio msimu wa mwera, upepo wa kusi mashariki. Ziwa lina urefu wa karibu kilomita 580 na sisi tuko kwenye ncha yake ya kaskazini, sasa fikiria mwera umevuma siku tatu mfululizo, mawimbi yote yaliyokusanyika huko kusini yanakuja kumalizikia kwetu. Mtu mwenye uzoefu anaweza kwenda miezi hiyo akipata siku za utulivu. Kama ni mara yako ya kwanza usiende.

Desemba mpaka Aprili achana nayo. Kuna radi, kuna dhoruba zinazotokea nyuma ya mlima huzioni mpaka zimefika, na vijito vinashusha magogo.

Ukishapata mwezi, chagua siku zenye mbalamwezi. Wavuvi wa usipa, dagaa wa ziwa hili, wanafanya kazi na taa usiku wa giza, kwahiyo mwezi ukiwa mkubwa mitumbwi na nyavu zinapungua majini, na wewe usiku unaona ufukwe bila tochi.

Jioni ya kabla ya safari angalia utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, wanatoa na wa maziwa. Alafu nenda ufukweni uliza wavuvi. Kama wao wamevuta mitumbwi juu mchangani na hawaendi kazini, wewe unaenda wapi?

## Hatua ya 2: Karatasi na kuaga

Hakikisha boti lina cheti cha ukaguzi cha TASAC, shirika la serikali linalosimamia usalama wa vyombo vya majini, usikubali kukodi kwa maneno. Pita ofisi ya serikali ya kijiji Matema ujiandikishe, sema mko wangapi, mnaenda upande gani, mnarudi lini. Na muachie mtu mmoja aliyebaki nchi kavu maelezo hayo hayo pamoja na saa ambayo asipokusikia aanze kuuliza. Hii ni muhimu maana ukishaingia nyuma ya rasi mlima unakata mtandao na simu yako inakuwa tochi tu.

Kaa karibu na pwani yetu. Kuvuka kwenda upande wa Malawi ni safari nyingine yenye uhamiaji na karatasi zake.

## Hatua ya 3: Toka Matema alfajiri

Saa kumi na moja alfajiri uwe unasukuma boti, sio unafunga mizigo. Ule upepo wa mlimani unaong'oa nanga za watu usiku, alfajiri bado upo ila umelegea, na unaelekea kusini mashariki milima ikiwa kushoto kwako, kwahiyo upepo unakupiga ubavuni na maji yametulia kwasababu mawimbi hayajapata nafasi ya kukua. Ni safari tamu sana hiyo. Kufika saa tatu, saa nne, upepo unakufa, mchana unaanza kugeuka kutoka ziwani.

Anayetoka saa nne anakutana na kinyume cha yote, ziwa limesimama, jua kali, anachoma petroli, alafu mchana upepo wa mbele.

Kaa mita mia tatu mpaka mia tano kutoka ufukweni. Ukikaribia zaidi mlima unaukata upepo vipande vipande, dakika moja hamna kitu, dakika inayofuata boti limelala ubavu.

Onyo: kamba ya tanga ishike mkononi, usiifunge. Ukipita mbele ya korongo upepo unatoka kama kwenye bomba, na kama kamba imefungwa huna muda wa kuifungua. Ukiona maji mbele yako yamebadilika rangi yamekuwa meusi yenye vikunjo vidogo vidogo, hilo ndio pigo linakuja, legeza kabla halijafika. Wote wavae laifu jaketi kipindi chote hiki, hata anayejua kuogelea.

Utaona pia nguzo za wadudu weusi zimesimama juu ya ziwa, ndio kungu. Zizunguke kwa upande unakotoka upepo. Ukiingia katikati huwezi kufumbua macho wala mdomo.

Umefanikiwa kama jua linaanza kuchoma na umeshaipita Ikombe, kijiji cha Wakisi wanaofinyanga vyungu, bila kuwasha injini.

## Hatua ya 4: Chagua ghuba kwa macho kabla hujaingia

Mara ya kwanza usiende mbali. Ghuba za karibu na Ikombe zinatosha, na mambo yakiharibika unarudi. Ukiendelea kusini unaingia wilaya ya Ludewa, vijiji vya Lumbila mpaka Lupingu, huko pazuri zaidi lakini huna pa kukimbilia haraka.

Fika kati ya saa nne na saa saba mchana, jua liwe juu. Mchanga unaonekana rangi ya kijani hafifu, mawe yanaonekana kahawia, kina kirefu ni bluu iliyoiva karibu na nyeusi. Jua likishashuka nyuma ya Malawi linakupiga usoni na maji yote yanakuwa ya kung'aa, hapo unakisia.

Unatafuta ghuba yenye rasi upande wa kusi, ndio ukuta wako dhidi ya mwera hata kama sio msimu wake. Unatafuta kijito kidogo kinachoingia, maana vijito vya mlimani vinashusha mchanga na kokoto miaka yote na kutengeneza kitanda chini ya maji, na hapo ndipo mteremko unapolegea kidogo. Na unatafuta miti mikubwa au mawe makubwa karibu na maji, ya kufungia kamba.

Usichague ghuba ambayo jabali limeingia moja kwa moja majini, hata iwe nzuri namna gani kwenye picha. Usichague mdomo wa mto mkubwa, kwa mfano Lufilyo pale karibu na Matema wenyeji watakuambia wenyewe habari za mamba na kiboko. Penye matete mengi na maji yaliyolala pia pita. Na angalia juu ya ghuba, kama kuna korongo moja jembamba limenyooka kutoka kileleni mpaka kwenye maji, kaa pembeni yake usikae mbele yake.

Kama kuna mitumbwi imevutwa ufukweni, basi hapo ni kazini kwa watu. Nenda polepole, salimia, uliza nyavu zimetegwa wapi na wanatoka saa ngapi usiku. Usitie nanga kwenye njia yao.

## Hatua ya 5: Pima chini kwa bildi

Shusha tanga ukiwa bado nje, ingia kwa injini taratibu au kwa makasia. Hii ndio hatua watu wanairuka kwasababu wanaona chini kwa macho, na maji ya Nyasa kiangazi yanadanganya, unaona jiwe unadhani liko mita tatu kumbe liko nane.

Paka grisi chini ya chuma cha bildi. Anza ufukweni kabisa, pima, rudi nyuma urefu wa boti moja, pima, rudi tena, pima. Mmoja anaita namba, mwingine anaandika. Kila ukivuta bildi angalia ile grisi. Ikija na mchanga umenata, vizuri. Ikija safi au imekwaruzwa, chini ni mwamba, nanga ya majembe haina pa kuingia. Ikija na tope laini inashika lakini ongeza kamba.

Alafu fanya hivyo hivyo pande mbili, kushoto na kulia, upate picha ya kitanda chote.

Unachotaka ni mchanga wenye kina cha mita 8 mpaka 12, ukiwa mita kama hamsini mpaka sitini kutoka ufukweni. Kama kwenye urefu wa maboti mawili tu kutoka ufukweni bildi imeisha na haijagusa chini, ondoka. Usijishawishi. Ghuba ziko nyingi pwani hii na bado ni mchana.

## Hatua ya 6: Tia nanga upande wa ziwani

Sasa hapa ndipo tofauti yote ilipo, soma mara mbili.

Geuza mbele ya boti itazame ziwa, nyuma itazame ufukwe. Ukiwa juu ya ile mita 10 uliyoipata, shusha nanga. Nimesema shusha, usiirushe, ukiirusha cheni inaiangukia juu na kujizungusha kwenye majembe. Iende chini taratibu mpaka uone kamba imelegea.

Alafu rudi nyuma polepole kuelekea ufukweni huku unaachia kamba. Ikifika kama mita 20 ishikilie kidogo ili nanga ijigeuze na kulala, kisha endelea kuachia mpaka mita 35 au 40. Hapo funga. Sheria ya kawaida ni kamba mara tano ya kina, lakini hapa nanga inavutwa kupanda mteremko kwahiyo mara nne inatosha, na ukiweza tano usinyime.

Weka injini rivasi, nguvu ndogo, alafu ongeza kidogo kidogo. Mtu mmoja akae mbele aweke kiganja juu ya kamba. Nanga inayokokoteka inaongea, kamba inatetemeka mkononi, inakaza inaachia, inakaza inaachia, unasikia kabisa mikwaruzo inapanda. Nanga iliyoshika haina kelele, kamba inanyooka, inakuwa ngumu kama nondo na boti linasimama. Kaa hivyo nusu dakika nzima. Ukisikia mtetemo wowote ivute, anza upya, hata mara nne. Hakuna aibu kwenye hilo, na hii kazi ya mchana ndio unalipwa usiku.

Kama kuna mawe jirani, kabla ya kushusha funga ile kamba nyembamba kwenye kichwa cha nanga, upande wa mbele wa majembe, na dumu tupu mwisho wake lielee. Kesho nanga ikinasa unaivuta kwa upande huo inatoka.

## Hatua ya 7: Kamba mbili kwenda nchi kavu

Nanga iliyoko ziwani inazuia boti lisisukumwe kwenda ufukweni. Upepo wa usiku utasukuma kwa upande wa pili, na huo unazuiwa na miti.

Mtu mmoja aende ufukweni na kamba. Ukipata mtumbwi wa mwenyeji omba akusaidie, mlipe chochote, ni dakika tano. Kamba ya kwanza ifungwe kwenye mti au jiwe upande wa kushoto wa boti, ya pili upande wa kulia, zikae kama herufi V. Ukifunga moja tu, pigo likitoka kwenye korongo la pembeni boti linazunguka na kwenda kukaa juu ya mawe ya jirani.

Funga mti ulio hai, shina nene kuliko paja. Jiwe lisukume kwanza kwa nguvu zako zote, likicheza sio hilo. Kila sehemu kamba inapogusa jiwe vika mpira wa bomba au gunia, maana usiku mzima wa kusuguana unakata kamba mpya kabisa, asubuhi unaikuta imebaki nyuzi mbili.

Kaza kamba zote tatu mpaka boti likae kwenye maji ya mita mbili au zaidi, usukani usiguse chini hata likija wimbi la meli. Meli za kwenda Mbamba Bay kama MV Mbeya II zinapita pwani hii na wimbi lake linafika ghubani baada ya meli yenyewe kupotea machoni.

Umefanikiwa kama ukisukuma boti kwa kasia mbele, nyuma na pembeni linacheza kidogo na kurudi palepale.

## Hatua ya 8: Usiku

Kabla giza halijaingia chagua alama. Tafuta mti karibu na maji na kitu kingine nyuma yake juu ya mlima, jabali au paa la nyumba, ambavyo ukiwa umekaa sehemu yako vimepangana mstari mmoja. Chukua jozi moja mbele yako na nyingine ubavuni. Usiku ukiona vimeachana ujue boti limehama. Kuangalia ufukwe tu na kusema "naona bado tupo karibu" haitoshi, gizani umbali haupimiki.

Washa taa ya juu, iwashwe usiku kucha. Wavuvi wanapita wakiwa na taa zao wenyewe machoni, boti lako jeusi hawalioni.

Upepo wa mlimani una dalili. Kwanza unasikia majani yanachakacha huko juu kwenye korongo wakati pale ulipo hamna kitu, alafu inakuja hewa ya baridi yenye harufu ya moshi wa majiko ya huko juu, shingoni unaisikia, na baada ya hapo pigo lenyewe. Ukisikia majani, amka, shika kamba za nchi kavu uone zimekaza sawa. Moja ikiwa ngumu na nyingine imelegea, vuta iliyolegea.

Gawaneni zamu. Mtu mmoja awe macho muda wote, mbadilishane kila saa mbili, na zamu ngumu ni kuanzia saa saba mpaka saa kumi. Nahodha asichukue zamu ya kwanza, alale mapema ili saa hizo awe na akili.

Kama mwera ukianza kuingia ghubani: utajua kwasababu boti linaanza kupandishwa na kushushwa kwa mawimbi marefu kutoka ziwani, sio vipigo vya kutoka mlimani. Usisubiri kuona itakuwaje. Nyuma ya boti iko karibu na mawe na nanga moja ndio imebeba kila kitu. Washa injini, fungua kamba za nchi kavu upande wa boti, ziache ufukweni utazirudia, vuta nanga toka nje ukae kwenye maji ya wazi mpaka kupambazuke. Ukishindwa kuvuta nanga, kata kamba. Kwenye maji ya wazi boti zima linaelea, kwenye mawe halielei.

Kama umeamka boti limeshatoka nje na kamba zimekatika: usiruke majini kuogelea kurudi. Ingiza kamba ya nanga ndani kwanza isije ikaingia kwenye pangaboi, kisha washa injini. Ukiwa nje kabisa mtandao unaweza kurudi, piga 112, namba ya dharura ya polisi, kisha mpigie yule uliyemuachia maelezo.

## Ukiwa nchi kavu

Ghuba unayoiona haina mtu ina mwenyewe. Kuna shamba la mihogo juu ya ile miamba, kuna njia ya kina mama, kuna mtu anayefunga mtumbwi wake pale kila siku. Shuka usalimie wakubwa, "shikamoo mzee, shikamoo mama, tumeomba kulala hapa leo", na ukimkuta Mnyakyusa ukamuambia "ndaga fijo", yani asante sana, baada ya msaada utaona sura inavyobadilika. Uliza panapotupwa taka, panapochotwa maji, na kama kuna sehemu hawapendi wageni wakae. Vyungu vya Wakisi ukivipenda nunua kwa aliyefinyanga, na usiombe punguzo la ajabu, kazi yake umeiona.

Kichocho kipo Ziwa Nyasa. Hatari ni kubwa kwenye maji yaliyolala yenye majani na matete karibu na makazi, ni ndogo kwenye maji ya wazi juu ya mawe, ila haijawahi kuwa sifuri. Ukitoka majini jifute haraka kwa taulo, na wiki chache baada ya safari nenda kituo cha afya ukapime, dawa yake ipo. Maji ya ziwa yachemshe au yatibu.

Mamba: uliza wenyeji, wao ndio wanajua. Usioge alfajiri wala magharibi, na mtoto asikae ukingoni peke yake.

## Hatua ya 9: Kutoka na kurudi

Kurudi Matema pia toka alfajiri. Watu wanafikiri kwa vile upepo wa mchana unatoka nyuma basi wanaweza kusubiri wale chakula cha mchana waondoke, alafu wanafika Matema mawimbi yanavunjika ufukweni na boti linashuka likiwa ubavu. Asubuhi ufukwe ule umetulia.

Fungua kwanza kamba za nchi kavu, ile isiyobeba mzigo ianze. Injini iwe inaunguruma kabla hujafungua ya mwisho, maana upepo wa mlimani bado upo na utakusukuma nje mara moja. Huko unakotaka kwenda ndiko huko, kwahiyo uache ukusukume, na mtu wa mbele akusanye kamba ya nanga kadiri boti linavyoisogelea.

Ukifika juu ya nanga kamba itasimama wima. Ifunge hapo, subiri, mwendo wa boti wenyewe utaing'oa. Ikigoma usiivute kwa mgongo. Sogea mbele kuelekea ziwani ukiwa umefunga kamba fupi ili uivute kinyume na ilivyoingia. Ikigoma tena, kamata lile dumu ulilofunga jana, vuta kwa kamba nyembamba. Mikono na miguu ikae mbali na kamba iliyokaza.

Ukifika Matema, kabla ya kugawana mizigo, tandaza kamba zote mchangani uzipitishe mkononi moja moja. Penye nyuzi zilizokatika au palipokuwa pamesuguliwa mpaka pakawa na manyoya, kata utupe kipande hicho na ununue kingine Kyela kabla ya safari ijayo. Angalia na pingu inayounganisha cheni na nanga, skrubu yake inalegea kwa mtikisiko, ifunge na waya.